Pande la Mtu Mbele ya Fundi wa Ngumi

Ndugu msomaji, pale wapenzi wa ngumi wanapokutana, iwe kazini wakati wa mapumziko au barazani siku ya Jumapili, haupiti muda mrefu kabla ya kuzuka ubishi ule ule wa miaka yote: kati ya pande la mtu na fundi, nani atashinda? Mmoja atasema kuwa ngumi ni akili, na kwamba jitu lisilo na ufundi ni gunia la mchanga tu lililovishwa glovu. Mwingine atajibu kuwa mwenye nguvu mpishe, na kwamba ufundi wote huishia pale konde la mtu wa kilo 120 linapotua kidevuni. Leo tungependa kuutazama ubishi huu kwa makini, kwa sababu kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Katika madaraja mengine ya ngumi ubishi huu hauna nafasi kubwa, kwa kuwa mizani huumaliza kabla ya kengele kulia. Lakini uzito wa juu ni daraja lisilo na dari. Katika ngumi za kulipwa, bondia akishapita ratili 200, yaani kilo 90 na ushei, mizani haimlindi tena. Mpinzani wake aweza kumzidi kwa kilo 20, 30, hata 40, na pambano likahesabiwa kuwa halali. Tatizo hili lilionekana kuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2020 shirika la ngumi la WBC liliunda daraja jipya lenye kikomo cha ratili 224, ambazo ni kama kilo 101 na nusu, kwa ajili ya mabondia waliokuwa wadogo mno kwa majitu ya siku hizi.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: pande la mtu laweza kumshinda fundi, na limekwisha fanya hivyo mara nyingi, lakini si kwa sababu tu ya kuwa pande la mtu. Nguvu ya mamba ni maji. Akitolewa nchi kavu hata watoto humrushia mawe. Hali kadhalika, bondia mkubwa hushinda anapofanikiwa kumvuta fundi ndani ya maji yake. Ili tuelewe jambo hilo, natutazame kwanza pambano moja lililoacha jeraha katika historia ya mchezo huu.

HAVANA, MWAKA 1915

Jack Johnson alizaliwa mwaka 1878 katika mji wa Galveston, Texas, mtoto wa watu waliopata kuwa watumwa. Desemba 1908, huko Sydney, Australia, alimshinda Tommy Burns na kuwa Mtu Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Ufundi wake ulikuwa wa kujihami. Aliyadaka makonde ya wapinzani kwa viganja kabla hayajafika, akawakumbatia, akawasemesha huku akitabasamu, na akapiga pale tu alipotaka yeye. Tarehe 4 Julai 1910, mjini Reno, alimpiga Jim Jeffries, bingwa wa zamani aliyerudishwa ulingoni ili kuurejesha ubingwa kwa Wazungu. Ushindi huo ulizusha ghasia katika miji mingi ya Marekani, watu wakauawa, wengi wao wakiwa Weusi.

Tangu siku hiyo ulifanyika msako wa kumtafuta Mzungu wa kumwangusha Johnson. Fundi wa kumshinda hakupatikana, kwa hiyo wakatafuta ukubwa. Wakampata Jess Willard wa Kansas, mtu wa kuchunga ng'ombe na farasi, mwenye urefu wa futi sita na nchi sita na ushei, aliyeanza ngumi akiwa na umri wa karibu miaka 30. Kwa ufundi hakufaa hata kumfungia Johnson kamba za viatu. Lakini alikuwa mrefu kumzidi kwa nchi zipatazo sita, mzito, mwenye pumzi ndefu, na alijifunza jambo moja muhimu: kutokuwa na haraka.

Johnson hakuweza kupigana nyumbani. Mwaka 1913 alihukumiwa na mahakama ya Marekani, kwa sheria iliyokataza kusafirisha wanawake toka jimbo hadi jimbo kwa ufuska, kesi ambayo leo hutajwa kuwa ya ubaguzi mtupu. Alikimbia nchi. Ndiyo maana pambano lilifanyika Havana, Cuba, tarehe 5 Aprili 1915, katika uwanja wa mbio za farasi, mchana, chini ya jua kali. Na lilipangwa kuwa la raundi 45. Fikiri, ndugu msomaji: raundi 45 za dakika tatu ni saa mbili na robo za kupigana, bila kuhesabu mapumziko. Johnson alikuwa ametimiza miaka 37 siku chache kabla yake.

Kwa raundi nyingi za mwanzo fundi alikuwa fundi. Johnson alimpiga Willard apendavyo, na lau pambano lingekuwa la raundi 12 kama ya siku hizi, mkono wake ndio ungeinuliwa. Lakini Willard alipigwa bila kupigika. Kila konde alilolipokea lilikuwa limemgharimu Johnson pumzi, na kila walipokumbatiana Johnson alikuwa akibeba na kusukuma mwili mzito kuliko wake. Baada ya raundi ya 20 miguu ya fundi ilianza kuwa mizito. Katika raundi ya 26 konde moja la kulia la Willard lilimpata Johnson kidevuni, akalala chali, mwamuzi akahesabu hadi kumi.

Baadaye Johnson alidai kuwa aliuuza mchezo kwa makusudi. Wanahistoria wengi hawalikubali dai hilo, na hoja aliyoitoa Willard mwenyewe ina mantiki: kama Johnson alikusudia kuanguka, mbona hakuanguka mapema na kuwaepusha wote wawili na jua lile?

Hasara haikuwa ya Johnson peke yake. Baada ya Havana, mlango wa ubingwa ulifungwa kwa kila bondia Mweusi wa uzito wa juu, na ukabaki umefungwa kwa miaka 22. Harry Wills, aliyekuwa mmoja wa mabondia bora wa miaka ya 1920, alizeeka akisubiri nafasi ambayo haikuja. Mlango ulifunguliwa tarehe 22 Juni 1937, pale Joe Louis alipomwangusha James Braddock mjini Chicago katika raundi ya nane. Johnson mwenyewe alifariki mwaka 1946. Msamaha wa serikali ya nchi yake kwa hukumu ile ulimfikia mwaka 2018, akiwa kaburini kwa miaka 72.

SILAHA ZA MTU MKUBWA

Raundi 45 hazipo tena. Tangu miaka ya 1980 mapambano ya ubingwa yamekuwa ya raundi 12, kwa hiyo bondia mkubwa wa leo hawezi kumsubiri fundi achoke kwa jua la saa nzima. Hana budi kutengeneza uchovu huo mwenyewe, tena kwa haraka. Hebu tuzitazame silaha zake.

Ya kwanza ni urefu wa mkono. Fundi mdogo akitaka kumpiga mtu mrefu, sharti avuke eneo fulani ambamo yeye apigwa lakini hawezi kupiga. Ni kama kuvuka barabara yenye magari mengi: waweza kuvuka salama mara kumi, lakini kila safari ina hatari yake. Kazi ya mtu mkubwa ni kuifanya barabara hiyo iwe pana, kwa konde la kushoto la kunyoosha linalotoka na kurudi bila kukoma. Konde hilo si lazima liumize. Latosha kumzuia fundi asipange miguu yake. Julai 2011, mjini Hamburg, Wladimir Klitschko, mwenye urefu wa sentimeta 198, alimweka mbali kwa namna hiyo David Haye, aliyekuwa mwepesi zaidi, akashinda kwa pointi za majaji wote watatu. Watazamaji wengi waliliona pambano lile kuwa la kuchosha, na kwa Klitschko huo ulikuwa ndio mpango wenyewe.

Silaha ya pili ni uzito wenyewe. Konde halitoki mkononi, kama wengi wanavyodhani. Hutoka katika mguu wa nyuma, likapanda kiunoni, likazunguka begani, na mkono ni wa kulifikisha tu. Nyuma ya konde la mtu mkubwa kuna mzigo mkubwa zaidi. Lakini uzito hufanya kazi hata pasipo kupiga. Wapiganaji wanapokumbatiana, mkubwa humlalia mdogo shingoni na mabegani, naye mdogo hulazimika kumbeba. Machi 1934, mjini Miami, Primo Carnera wa Italia, mwenye kilo zipatazo 122, alipigana na Tommy Loughran, mmoja wa mafundi waliosifika sana wa zama zao, aliyekuwa na kilo kama 83 na nusu. Tofauti ilikuwa ya kilo 39. Carnera hakuwa fundi hata kidogo, na baadhi ya mapambano yake ya awali yalitiliwa shaka kubwa, lakini kwa raundi 15 alimsukuma Loughran, akamlalia, hata miguu akamkanyaga, na akashinda kwa pointi. Hapa tukumbuke kuwa kushika na kulalia kupita kiasi ni makosa. Kwa hiyo silaha hii hutegemea sana macho ya mwamuzi.

Silaha ya tatu ni kupiga mwili badala ya kichwa. Kichwa cha fundi ni kama kuku anayekimbizwa uani: kila unapodhani umemkamata, hayupo. Kifua, mbavu na tumbo haviwezi kukwepa kwa urahisi huo. Mtu mkubwa mwenye busara huacha kukifukuza kichwa, akapiga kilicho karibu, hata kama ni mkono au bega. Bandubandu huisha gogo. Fundi akipigwa mbavu kwa raundi sita, miguu iliyokuwa ikimwokoa hupungua mwendo, na ndipo kichwa kinapopatikana.

Ya nne ni kuupunguza uwanja. Ulingo si mkubwa. Aghalabu upande mmoja huwa kati ya futi 16 na 24 ndani ya kamba. Mtu mkubwa asiyejua kazi humfuata fundi nyuma nyuma, akizunguka naye kama mkia. Anayejua kazi haendi alipo fundi, bali aendako. Humkatia njia kwa hatua ya pembeni hadi fundi ajikute kwenye kona. Januari 1973, mjini Kingston, Jamaika, George Foreman alimkabili Joe Frazier, bingwa ambaye hakuwa amewahi kushindwa na aliyekwisha kumshinda Muhammad Ali. Foreman alimsukuma Frazier mabegani kwa viganja ili kupata nafasi ya kupiga, akamfungia njia, na katika raundi mbili tu akamwangusha mara sita.

Silaha ya tano ndiyo ngumu kuliko zote: subira. Tutaieleza kwa kumtazama Foreman huyo huyo katika usiku wake mchungu na katika usiku wake mtamu.

KINSHASA NA LAS VEGAS

Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, Foreman alikuwa na umri wa miaka 25 na dunia nzima ilimwogopa. Ali alikuwa na miaka 32. Wengi walihofia kuwa Ali angeumizwa vibaya. Badala ya kukimbia, Ali aliegemea kamba, akafunika uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Foreman akapiga kama mtu anayepasua kuni kwa hasira, konde juu ya konde, mengi yakiishia mikononi na mabegani mwa Ali. Na walipokumbatiana, Ali aliivuta chini shingo ya Foreman na kumlalia. Yaani fundi aliiba silaha ya mtu mkubwa, akamgeuzia mwenyewe. Katika raundi ya nane Foreman alikuwa amekwisha, Ali akamwangusha.

Miaka 20 baadaye, tarehe 5 Novemba 1994, huko Las Vegas, Foreman alipanda ulingoni akiwa na miaka 45, amevaa kaptura ile ile nyekundu aliyoivaa Kinshasa. Mbele yake alisimama Michael Moorer, bingwa wa miaka 26 asiyewahi kushindwa, mwenye kupigana kwa mkono wa kushoto mbele ya watu waliozoea wa kulia. Foreman alikuwa na kilo 113, Moorer kilo 100 na ushei. Kwa raundi tisa Moorer alimpiga Foreman usoni, na majaji wote watatu walikuwa wamempa Moorer uongozi. Kona ya Moorer ilimwonya asisimame mbele ya yule mzee, lakini raundi zilivyopita ndivyo hofu ilivyomtoka, kwa sababu makonde ya Foreman yalikuwa ya polepole na hayakuonekana kuwa na haraka ya kufika. Katika raundi ya 10 konde fupi la kulia lilipita katikati ya mikono ya Moorer, likampata kidevuni. Hakuinuka kabla ya kumi.

Tofauti ya mikono ile miwili, ule wa 1974 na ule wa 1994, si nguvu. Kijana alitaka kila konde liwe la mwisho; mzee alitumia makonde mia ili kutengeneza nafasi ya moja. Aidha, mzee alikubali kupoteza raundi bila kupoteza akili, jambo ambalo kijana mwenye nguvu hulikubali kwa shida sana.

KILO ZISIZOFUNZWA NI MZIGO

Msomaji asije akadhani kuwa dawa ni kuongeza kilo tu. Willard, yule wa Havana, aliutetea ubingwa wake tarehe 4 Julai 1919, mjini Toledo, dhidi ya Jack Dempsey, aliyekuwa na kilo kama 85 tu huku Willard akiwa na 111. Dempsey hakukaa mbali kupigwa wala hakusubiri kulaliwa. Aliingia ndani ya mikono mirefu tangu dakika ya kwanza, akamwangusha Willard mara saba katika raundi moja. Baada ya raundi ya tatu Willard hakuendelea.

Riddick Bowe na Evander Holyfield wanatupa somo la namna hiyo hiyo kwa mapambano matatu. Novemba 1992 Bowe, akiwa na kilo 106 na nusu zilizofanyiwa kazi, alimshinda Holyfield wa kilo 93 kwa pointi. Hakutegemea ukubwa peke yake, kwani alijua kupiga akiwa karibu, jambo ambalo watu warefu wengi hawalijui. Mwaka mmoja baadaye alirudi na kilo zaidi ya 111. Holyfield naye alipigana kwa akili zaidi, akaurudisha ubingwa. Katika pambano la tatu, mwaka 1995, Bowe aliangushwa, akainuka, akashinda katika raundi ya nane.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Tyson Fury na Oleksandr Usyk wa Ukraine. Tarehe 18 Mei 2024, mjini Riyadh, Fury, mwenye urefu wa sentimeta 206, alipanda na kilo 119. Usyk alikuwa na 101. Katika raundi za kati Fury alitumia silaha tulizozitaja: aliupiga mwili, akapiga makonde ya kutoka chini kwenda juu, na kwa muda ikaonekana kuwa fundi amefika nchi kavu. Lakini katika raundi ya tisa Usyk alimyumbisha hadi mwamuzi akamhesabia, na majaji wawili kati ya watatu wakampa ushindi. Waliporudiana Desemba mwaka huo huo, Fury aliongeza uzito hadi kilo 127. Safari hii majaji wote watatu walimpa Usyk. Kilo nane zilizoongezwa hazikununua hata jaji mmoja.

UTAZAME NINI

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku nyingine utakapokaa kutazama pambano la mtu mkubwa na fundi, usihesabu makonde ya raundi tatu za kwanza ukadhani umekwisha kujua mshindi. Yatazame mambo haya. Je, mkubwa anapiga mbavu au anakifukuza kichwa? Je, anamkatia fundi njia au anamfuata tu? Wakikumbatiana, nani anamlalia nani? Na ikifika raundi ya saba, tazama miguu ya yule fundi: kama bado inacheza, pande la mtu limo hatarini, kama imetulia chini, anza kumwogopea fundi.

Kumwogopea si maneno ya mzaha. Fundi mdogo anayeshinda kwa raundi tisa aweza kuumizwa kwa sekunde moja, na ndiyo maana mwamuzi na kona yake wanapaswa kuwa na ujasiri wa kusimamisha pambano hata pale ambapo bado anaongoza kwa pointi. Ubongo haujui hesabu ya pointi.

Na kwa wazazi wenye kijana mkubwa wa mwili, ambaye mtaani wanamwambia aende tu ulingoni kwa kuwa Mungu amekwisha kumpa, neno letu ni moja. Asikubali kupelekwa ulingoni kwa sababu ya kimo chake. Mwalimu mwema atamfundisha kwanza kusimama, kunyoosha mkono wa kushoto, kupumua na kusubiri, na ataona haya kumpambanisha kabla hajajua hayo. Mwalimu anayemtazama kijana na kuona kilo zake peke yake, huyo aepukwe, kwa maana siku kijana atakapokutana na fundi, si mwalimu atakayepigwa.